Kimbunga Kilichokaa Kitako

Mtaani walimwita Bi Lango, na jina hilo hakulichukia. Miaka ishirini na sita alikuwa akilinda lango la chuma pale mfereji mkubwa wa mtaa unapoingia baharini. Bahari ikipwa, analifungua ili maji ya mfereji yatoke. Bahari ikijaa, analifunga ili isije ikavitembelea vitanda vya watu. Kazi yenyewe ni gurudumu moja na mizunguko arobaini, na ukimpa mkono unashika sugu tupu.

Lakini nani alijali? Mama yake mzazi, aliyekuwa akiishi naye katika nyumba ya chini kando ya mfereji, alijua jambo moja tu: binti yake mdogo anasema redioni. Huyo mdogo alifanya kazi ofisi ya hali ya hewa, upande wa pili wa mji, na kila asubuhi sauti yake ilitoka redioni laini, imepigwa pasi. Bi Lango ndiye aliyemwogesha mama, aliyempa dawa, aliyemkata kucha. Ikifika saa moja, mama anainua kidole.

"Shh! Nyamaza kidogo, mwanangu anaongea."

"Na mimi ni nani, Mama? Jirani?"

"Shh!"

Jamani, wivu ukikosa pa kutokea hukaa tumboni ukala humo humo. Bi Lango alimwonea mdogo wake wivu wa viatu, wa sauti, wa kiyoyozi, hata wa makosa yake. Mdogo akitabiri jua ikanyesha mvua, mama husema Mungu ndiye ajuaye. Bi Lango akichelewesha uji, Mungu hatajwi.

Basi wiki ile kukatangazwa kimbunga. Watu wakapigilia mbao madirishani, wakasubiri, halafu upepo ukapungua na mtaa mzima ukashusha pumzi. Walinzi wa lango walikuwa na kanuni yao, waliyorithishana kwa mdomo: bati la ghala la chumvi likipiga kelele, toa maji yote mferejini, likinyamaza, kanywe chai. Siku ile bati lilikuwa kimya.

Saa saba mchana simu ikalia.

"Dada, shikamoo."

"Marahaba. Leo umeikumbuka namba?"

"Dada, bahari inapwa saa tisa. Fungua lango, mfereji umwagike wote ubaki tope tu."

"Kwa upepo upi? Bati hata halitikisiki."

"Achana na bati. Upepo umepungua, lakini na mwendo pia umepungua. Mtu anayetembea kwa miguu anakipita kimbunga hiki. Kingekimbia, mvua yake ingekuwa ya nusu siku kikaondoka nayo. Hiki kimekaa kitako. Kitamwaga hapa hapa siku mbili, tatu, na muda wote huo kitakuwa kinaisukuma bahari huku kwetu. Kuanzia usiku bahari haitashuka vya kutosha, hutapata tena nafasi ya kufungua."

Maneno yaliingia. Nasema yaliingia, maana baadaye alitaka kujidanganya kwamba hakuelewa. Alielewa kuliko hata huyo aliyeyasema. Ila hapo hapo akilini alimwona mama jioni ile, amekaa kitandani anatabasamu: umeona, mwanangu kasema na wewe ukafanya. Hata lango! Hata lango nalo liwe la yule!

"Nalizungusha gurudumu hili tangu wewe unafungwa kamba za viatu," akasema, akakata.

Simu ikalia tena. "Dada, nakuomba. Mama yuko hapo chini."

"Mama yuko kwangu," akasema, akakata tena.

Saa tisa bahari ikapwa. Mfereji ulikuwa umejaa nusu na zaidi. Bi Lango akakaa kwenye kibanda chake cha langoni akilipaka gurudumu grisi ambayo halikuihitaji, mpaka bahari ikaanza kurudi.

Mvua ikaanza jioni. Haikuja na vishindo, ilikuja kama mtu aliyehamia. Kupwa kwa alfajiri kukafika, bahari haikushuka. Kupwa kwa mchana, vilevile. Akifungua, anaikaribisha bahari ndani. Asipofungua, mvua haina pa kwenda. Mdharau mwiba mguu huota tende. Mchana huo mfereji ukapanda kingo, ukaingia nyumba ya kwanza, ya pili, ya thelathini, na kitanda cha mama kikaanza kuelea.

Mdogo wake alifika maji yakiwa kiunoni. Wakamkalisha mama kwenye kiti, mmoja akashika huku, mwingine huku, wakampandisha mpaka ghorofa ya shule. Darasani walikuta mtaa mzima umelowa: watoto juu ya madawati, na fundi cherehani akikamua shati lake, mashine yake imebaki chini ya maji.

Mama akatetemeka, akakohoa, kisha akamgeukia mdogo.

"Wewe na redio yako! Ulishindwa kumwambia dada yako mapema? Huyu angeambiwa angefungua. Huyu hajawahi kuniangusha hata siku moja."

Bi Lango alikuwa amelisubiri neno hilo maisha yake yote, na sasa limemfikia siku asiyolistahili. Akamtazama mdogo wake, akingoja aseme ukweli. Mdogo akainamisha kichwa.

"Nilisahau, Mama. Nisamehe."

Mama akamwonea huruma papo hapo, akaushika mkono wake. "Basi usilie, mwanangu. Kusahau ni ubinadamu."

Ah! Bi Lango akapandwa na moto. Mama kachukuliwa, sifa zote zimechukuliwa, sasa hata kosa? Kosa alilolitenda kwa mikono yake mwenyewe, leo nalo libembelezwe kwa mwingine?

"Muongo huyo!" Darasa zima likageuka. "Muongo, Mama! Hakusahau. Alinipigia mara mbili, mchana kweupe, bahari bado haijapwa, nikamkatia simu kwa wivu. Lango ni langu na kosa ni langu, asiniibie!"

Fundi cherehani akaacha kukamua shati.