Maji Yaliyopimwa kwa Mzani wa Dhahabu

Shemeji yangu alikuwa mnunuzi wa dhahabu pale Kewanja, kwenye machimbo ya Tarime, na sijawahi kuona mtu mwenye shaka kama yeye. Mchimbaji akimletea kipande, atakigeuza, atakikwaruza kwenye jiwe jeusi, atakidondoshea tindikali, atakirudisha motoni kama anahisi bado kina zebaki, na hapo ndipo atakiweka kwenye mzani. Hata kaka yake wa tumbo moja alimfanyia hivyo hivyo. Mzani wenyewe ulikuwa mdogo, umefunikwa kisanduku cha kioo ili upepo usiuguse, na mtu akikohoa karibu nao alifukuzwa.

Mtu huyo huyo ndiye aliyeagiza maji ya kuingia mwilini mwa mke wake kwa kutazama picha kwenye simu. Picha ile naikumbuka mpaka sasa na inanichefua. Mwanamke amevaa koti jeupe, ameshika kichupa kwa vidole viwili, kucha ndefu nyekundu, anatabasamu. Hakuna muuguzi anayefanya kazi na kucha zile. Niliona siku ya kwanza nilipoonyeshwa, nikairudisha simu.

Mke wake ni dada yangu. Yeye ni wa kwanza kwetu, mimi ni kitinda mimba, na kati yetu kuna miaka mingi kiasi kwamba nilikuwa namwamkia shikamoo kabla ya kumwita dada. Mama alipokuwa shambani, mgongo niliobebwa ulikuwa wa dada. Baadaye mimi nikasomea uuguzi nikapangiwa kituo cha afya upande wa Serengeti, sio mbali na bwawa la Manchira, yeye akaolewa Tarime. Mwaka ule nilipewa likizo ya mwezi mzima nikaenda kukaa kwake.

Ilikuwa ile miaka ambayo kila mwenye sururu alikuwa ameshika njia ya kuja Kewanja. Watu walichimba hadi nyuma ya vyoo. Mashine za kusaga mawe zilinguruma kutwa, na vumbi lake lilikaa juu ya maharage, juu ya nguo, juu ya vitabu vya nyimbo kanisani. Dada alikuwa na hoteli ya chakula karibu na barabara, na biashara ilienda vizuri. Ila pamoja na wachimbaji walikuja wanawake wa saluni na wa baa, kutoka Mwanza, kutoka Geita, kutoka Kenya, weupe wa kujitengeneza, na dada yangu ambaye ni mweusi wa kung'aa, mweusi mzuri, akaanza kujiona masizi ya chungu.

Alianza na mkorogo. Uso ukababuka, akaacha. Ndipo akaingizwa kwenye kundi la simu ambamo wanawake wanauziwa sindano za kung'arisha ngozi, na picha ile ya kucha nyekundu ndiyo ilikuwa tangazo la muuzaji. Unga unakuja kwenye kichupa chake, na maji ya kuuchanganya yanauzwa peke yake, kwenye kichupa kingine kikubwa kidogo. Alikuwa ananisubiri mimi, maana nesi wa zahanati alikuwa amemkatalia akamwambia akalale. Nilipofika hata chai sijamaliza, akanieleza shida yake, akasema wa kumchoma ni mimi.

Nieleze kidogo habari ya maji hayo. Maji ya sindano tuliyoyazoea kituoni ni yale ya kichupa kidogo cha kuvunja shingo. Unavunja, unavuta, unachanganya dawa, yanayobaki unatupa. Hayarudi kesho. Haya ya dada yalikuwa ya aina nyingine, yenye kifuniko cha mpira ambacho sindano inapenya mara nyingi kwa siku kadhaa, kwa sababu kiwandani huwekwa dawa ya kuzuia bakteria wasizaliane humo. Ni kitu halali, kina kazi yake. Lakini usalama wake wote uko kwenye hiyo dawa iliyomo na kwenye kufungwa kwake kiwandani. Ukitoa hivyo viwili, kinachobaki ni maji ya dimbwi ndani ya chupa ya kioo. Hayo nilifundishwa darasani, nikayajibu kwenye mtihani, nikafaulu.

Mzigo ulipitia mpakani Sirari, ukapanda basi hadi Tarime, ukamalizia safari kwa bodaboda. Ulikuwa umefungwa ndani ya boksi la biskuti. Dada aliukatia mezani hotelini, kwenye meza ile ile aliyokuwa amechambulia utumbo asubuhi, na nzi walikuwa bado hawajaondoka. Ndani kulikuwa na vichupa vya unga na vichupa vinne vya maji vilivyoviringishwa kwenye gazeti. Niliinua kimoja. Karatasi ya maandishi ilikuwa imebandikwa upogo. Tarehe ya mwisho ya kutumika ilifutika nilipopitisha kidole. Ukingo wa bati linaloshikilia mpira ulikuwa na mikwaruzo ya meno ya koleo, kama kifuniko cha soda ambacho mtu amejaribu kukirudisha.

Shemeji alikuwa amekuja kushuhudia mzigo wake. Hakuangalia tarehe wala bati. Alivichukua vile vichupa vinne akaenda navyo kwenye chumba chake cha kununulia dhahabu, tukamfuata, akafungua kisanduku cha kioo akaviweka kwenye mzani kimoja kimoja, kwa utulivu ule ule wa kazini. Namba zikaja. Cha kwanza na cha pili vilikaribiana, cha tatu kilipungua, cha nne kilizidi wenzake kwa uzito ambao hata mkononi ungeuhisi.

Mashine ya kiwanda haikosei hivyo. Vichupa vya kiwanda kimoja havipishani kama mikungu ya ndizi. Vile vilijazwa na mkono wa mtu, kwa bomba la sindano au kwa kijiko, nani ajuaye, kutoka kwenye ndoo, nani ajuaye ndoo gani. Mimi nililijua hilo mara moja. Nikasema, "Shemeji, hivi havilingani."

Akanitazama kwa furaha ya mfanyabiashara. "Sijakataa, shemeji. Hiki wametuongezea."

Akakiinua kile kizito akampa mke wake mkononi, akasema aanze na hicho. Kwake kilichozidi uzito kimezidi thamani, maana ndivyo dhahabu ilivyomzoesha. Dada akacheka, akanitania kwamba watu wa serikali tunapenda kutisha watu ili tuonekane tumesoma. Akanichezea ujumbe wa sauti wa yule muuzaji, sauti laini ya upande wa pili wa mpaka: "Usijali madam, hii ni original, wateja wangu wote wako sawa kabisa."

Na mimi nikacheka nao. Nimejitafutia sababu nyingi tangu siku ile. Kwamba nilikuwa mgeni. Kwamba dada mkubwa hakataliwi. Kweli kidogo imo humo, lakini ukweli wenyewe ni mbaya zaidi. Nilipenda kusubiriwa. Katika nyumba ile ya watu wenye fedha, mimi mwenye mshahara wa mwisho wa mwezi nilikuwa nimepata kitu ambacho wao hawana, na sikutaka kukiacha kwa ajili ya mikwaruzo ya koleo.

Nilinawa mikono kwa sabuni. Nilifuta mpira kwa spiriti. Nilitumia bomba jipya na sindano mpya, nikafuata kila hatua niliyofundishwa, huku maji yenyewe yakiwa ni uchafu. Nikamchoma kwenye tako la kulia. Kichupa akakirudisha kwenye friji ya hotelini, katikati ya soda na mfuko wa maini.

Jumapili iliyofuata nikamchoma tena, kutoka kichupa kile kile, tako lile lile, maana alikuwa akilalia upande wa kushoto. Akasema pameuma kidogo. Jumapili ya tatu alikuwa na uvimbe mgumu. Niliubonyeza kwa kidole, nikamwambia sindano za kwenye nyama huwa zinavimbisha, aweke kitambaa cha maji ya moto, nikachoma pembeni yake. Jumatano nikarudi kazini.

Kabla sijaondoka niliingia kuchukua maji ya kunywa kwenye friji, nikakiona kile kichupa, nikakishika juu kwenye mwanga wa dirisha. Ndani kulikuwa na nyuzi. Nyembamba, nyeupe, zinaelea, ukitikisa zinajikunja. Nikatoa bati kwa kisu, nikanusa. Maji halisi ya aina ile yana harufu hafifu ya dawa. Haya yalinuka mtaro wa nyuma ya machinjio. Nikamwaga, nikakitupa kichupa chooni pamoja na vingine vitatu, nikamwambia dada asichomwe tena, kwamba muda wake umepita. Sikumwambia nilichokiona. Wala sikumwambia aende hospitali siku ile ile, kwa sababu hospitali wangeuliza.

Baada ya siku tisa alikuja mwenyewe kituoni kwangu. Alikuwa amesafiri kutoka Tarime amekalia nusu ya tako, kanga imelowa, mwili unaungua kwa homa. Alimtumia yule muuzaji picha ya uvimbe, akajibiwa kwamba mwili unatoa sumu na ni dalili njema. Alipouliza tena, namba yake ilikuwa imefungiwa. Shemeji alikuwa ameanza kupiga simu kwa vitisho vya Kikurya, na namba haikupatikana. Picha ya mwanamke wa kucha nyekundu ilikuwa bado inazunguka kwenye makundi mengine, ikiwa na jina jipya.

Daktari wetu alimpasua asubuhi hiyo hiyo, mimi nikiwa nimeshika beseni. Nimeona usaha mwingi katika kazi hii na sina roho nyepesi. Ule ulitoka kijani, ukaja na vipande, ukajaza beseni la kwanza nikaleta la pili, na harufu ilikuwa ile ile ya friji. Shimo lililobaki lilimeza vidole vyangu vitatu. Ngozi kuzunguka kidonda ilikuwa imechunika ikawa nyeupe ya waridi. Kati ya mwili wake wote, hapo tu ndipo palipobadilika rangi.

Daktari akamuuliza nani alimchoma. Aliuliza kwa upole, akasema anataka kumzuia mtu huyo asimuumize mwingine. Nilikuwa nimesimama pale na sare yangu nyeupe, beseni mkononi. Dada akasema kwa Kiswahili kilichonyooka kwamba ni mzee mmoja anayepita na mkoba, hamjui jina, alikuja mara tatu, hajamwona tena. Daktari alipotoka kunawa, dada akaniambia kwa Kikurya nifunge mdomo, maana mama hana mtoto mwingine mwenye ajira. Nilifunga. Nilifunga kwa urahisi mno, na siwezi kujisamehe wepesi huo kuliko hata sindano zenyewe.

Alikaa kwangu, nikamsafisha kidonda kila siku kwa wiki sita. Naondoa kitambaa cha gozi cha jana, naosha, naingiza kipya ndani ya shimo, yeye anauma kanga. Wenzangu walinisifu kwa uvumilivu. Daktari alisema mbele ya watu kwamba mgonjwa yule ana bahati ya kuwa na mdogo wake hapa, nami nikamjibu asante.

Halafu akanipa kazi. Kila asubuhi kabla ya matibabu tunawapa wagonjwa elimu ya afya wakiwa kwenye mabenchi, na wiki ile alitaka somo liwe sindano za mitaani na dawa za kununua kwenye simu. Nikasimama mbele ya akina mama waliokuja na watoto wao kliniki. Dada alikuwa ameketi mwisho wa benchi la nyuma akisubiri kusafishwa, ameinua upande mmoja. Niliwaambia wasinunue maji ya sindano kwa mtu wasiyemwona uso. Niliwaambia waangalie kifuniko, waangalie tarehe, wakatae kichupa kilichofunguliwa ambacho hawajui kimefunguliwa lini. Niliwaambia wasichomwe na mtu wa kupita wasiyemfahamu. Sauti yangu ilikuwa safi, nilijisikia mwenyewe nikiongea vizuri.

Mama mmoja kijana wa mstari wa mbele, mtoto akinyonya, akauliza, "Sista, na kama anayekuchoma ni mtu unayemfahamu?"

Niliangalia karatasi yangu kana kwamba jibu limeandikwa humo. Akina mama wakaanza kunitazama.

Dada yangu akajibu kutoka nyuma, kwa sauti kubwa ili wote wasikie. "Ukiwa na mtu wako umwamini tu. Mimi huyu ni mdogo wangu, na bila yeye ningekuwa nimekufa."

Wanawake wote wakageuka kumwangalia, kisha wakaniangalia mimi, wakatikisa vichwa kukubali. Na mimi nikatikisa changu.