Fremu Niliyoipima Bila Mzigo

Kuna asubuhi moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka huiweka mezani tupa yangu ya kusugulia chuma. Nilikuwa kijana hapa mtaani Buyenzi, nikijifunza kuunga fremu za baiskeli kwa Mzee Saidi, Mungu amrehemu. Mzee alikuwa na desturi iliyonichosha. Hakati bomba mpaka mteja aje na mzigo wake: mwenye mkaa na magunia yake, mwenye ndizi na mikungu yake. Mzigo hufungwa kwenye baiskeli ya zamani, ndipo apime gurudumu la nyuma likae wapi.

Siku hiyo alikwenda kumwona mgonjwa huko Ngagara. Akaja rafiki yangu Nestori, aliyekuwa akishusha ndizi kutoka milima ya juu ya Gihosha.

"Mi nataka kinga nyepesi, ya muzuri," akasema, kinga ndiyo baiskeli kwetu. "Nilete ndizi kesho?"

"Apana, achana na ndizi. Kupima miguu yako inatosha," nikamjibu.

Fundi mimi, fundi wa siku mbili! Nikachagua mabomba membamba, nikafupisha nyuma ili ifanane na baiskeli za mashindano. Ikapendeza, wallahi, mtaa mzima ukaja kuitazama. Lakini nyuma ikiwa fupi, mzigo huning'inia nje ya gurudumu, na usukani huwa mwepesi mno. Nililijua hilo, mwanangu, nikalipuuza.

Wiki ya pili Nestori alishuka mlima na mikungu minane. Usukani ukamcheza, akaangukia mtaroni. Hakuamka tena.

Msibani baiskeli iliegemezwa ukutani, rangi bado inang'aa. Mama yake akanishika mkono.

"Kinga iko muzuri sana, mwanangu. Ni we uliitengeneza?"

Nikaitika kwa kichwa. Mama yule naye amekwisha kufa, na sikuwahi kumwambia kosa langu.

Mzee Saidi hakunigombeza. Njiani tukirudi kutoka msibani alisema tu, "We ulimupima Nestori peke yake. Nestori hatembeaka peke yake, anatembeaka na ndizi."

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakutuambia kwamba pengine guu huwa la mwenzake.

Basi mwanangu, kabla hujakata bomba, muulize mtu anabeba nini, na usikubali maneno matupu, aje nacho ukione. Fremu iwe nzito, iwe na sura mbaya, mradi imrudishe kwa mama yake. Mungu akupe mkono wenye subira, na kila utakayemuundia afike kwao salama. Amina.