Wiki Tuliyokula Uani

Kila harufu ya sombe, majani ya muhogo, ikichemka inaponifikia, nakumbuka Jumapili ile nyumba yetu ya mtaa wa Dilala ilipotikisika hadi sahani zikacheza mezani.

"Banapasua majiwe ku mine," baba alisema, akidhani ni baruti za mgodini.

"Leo dimanche, tata! Nani anapasua?" mama alijibu. "Batoto, mutoke inje!"

Akiogopa tetemeko kubwa zaidi, mama alikataa kupakua tena chakula ndani. Wiki nzima tulikula uani, mkekani. Baba, aliyezoea kula peke yake sebuleni, alimega bukari, ugali wetu, na kuuchovya kwenye sombe pamoja nasi akitusimulia utoto wake wa Lubudi, mkono wake mkubwa ukigusana na wangu.

Tetemeko kubwa halikuja. Siku baba aliporudi kwenye meza yake, nilitamani ardhi itikisike tena, kidogo tu.