Chupa ya Saba
Mtaa wa Sikukuu walinisema: Sabaha ana roho ngumu, mume kafa hata chozi. Waseme. Kweli sikulia. Sadalla wangu, mchukuzi wa sokoni, alianguka na gunia la nazi mgongoni, Oktoba ya sabini na sita, soko jipya la Kariakoo halijamaliza hata mwaka. Wakaniletea amefunikwa turubai. Nilisikia ganzi tu, kama mguu ulioukalia.

Kazi yangu ilikuwa Kivukoni, kwenye chumba cha utafiti, kutunza mwani. Si huu wa kwetu. Aliuleta Bi Solveig, Mnorwe, kutoka bahari ya kaskazini kabisa, ambako maji yanaganda na jua la majira ya baridi halichomozi miezi mizima. Chupa saba ndani ya friji, digrii mbili. Taa yake tunaipunguza mwezi hadi mwezi, kama kwao, mpaka Novemba tunaizima kabisa. Alitaka kujua ukikaa gizani unakufa au unaishi. Akaondoka, akasema atarudi mwisho wa Februari. Ikiwa mwani wote umekufa, chumba kinafungwa, nami kazi sina.

Ndipo Sadalla akafa, nikaingia eda. Miezi minne na siku kumi, ndani, na shuka nyeupe. Friji nikamwachia Candida, mfagiaji wa pale kazini, Mchaga wa Kibosho, mwenye huruma mpaka inakera. Nikamwagiza, "Novemba zima taa. Soma kipimajoto, funga mlango, basi. Chupa usiziguse!"

Kila Jumapili akitoka kanisani alikuja kwangu na sukari kidogo aliyoipangia foleni. Akifika tu, anafungua dirisha.

"Dada Sabaha, utaoza humu. Pata jua kidogo."

Akitoka, nalifunga. Nikimwuliza mwani vipi, anasema, "Salama," macho kwenye mkeka. Na ganzi yangu ile, sikuuliza zaidi.

Nilipotoka eda waliniogesha, wakanifukiza udi. Kesho yake nikaenda Kivukoni, nikafungua friji. Chupa sita za mbele, mwani mweupe, umelegea kama mlenda, maji yananuka.

"Candida! Umefanya nini?"

Akaanza kulia. "Niliwaonea huruma, dada. Gizani muda wote ule! Kwetu hata mgomba ukikosa jua unanyong'onyea. Siku ya Krismasi nikasema nao wapate sikukuu, nikawaweka dirishani. Mchana mmoja tu."

Mchana mmoja wa Desemba, Dar es Salaam! Si ni kuwachemsha! Na Jumapili zote zile "salama". Nilitaka kumtukana, wallahi, nikageukia friji nikahesabu chupa.

"Ya saba iko wapi?"

"Humo humo, nyuma. Dirishani zilienea sita."

Nikaitoa. Oktoba nilikiacha kipande cha urefu wa kidole. Sasa kilikuwa kimetoa jani jipya, la kahawia, laini, refu kuliko kiganja changu. Gizani, kwenye baridi ile, na hakuna aliyekihurumia. Nikalipima kwa rula mara tatu, nikaandika, nikairudisha chupa upesi. Bi Solveig atakuta cha kutazama. Kazi ilikuwa imepona, na hata furaha sikuisikia.

Jioni Candida akanisindikiza nyumbani, bado anafuta macho kwa ncha ya kanga. Tulipoingia akaenda moja kwa moja dirishani, mkono kwenye komeo.

"Candida."

"Eda si imekwisha, dada?"

"Imekwisha. Liache."

Akaliacha. Akaja kuketi mkekani, karibu nami. Tulikaa vile mpaka giza likaingia, sikuuona tena uso wake. Nikajisikia nasema, "Sadalla chai yake alitaka tangawizi nyingi, mpaka akohoe." Tangu Oktoba nilikuwa sijalitaja jina lake.