Mpika Pombe wa Bihambwe Aliyekatazwa Kuonja

Ukungu bado umelala juu ya migomba, na Adelaïde amekwisha kumimina kikombe cha kwanza cha kasiksi. Hampi mteja. Anakiinua mwenyewe, anapiga mafunda mawili huku wanaume waliokaa kwenye benchi wakimwangalia koo, kisha anajaza tena na kumpa aliye karibu.

Hakuna anayekunywa kabla yake. Hapa Bihambwe, kwenye njia ya kwenda machimbo ya Rubaya, muuza kasiksi, pombe ya ndizi, huonja kwanza mbele ya wanywaji. Watu wanaogopa karuho, sumu inayosemwa kwamba humla mtu polepole mpaka abaki mifupa. Asiyeonja pombe yake, hauzi.

Na Adelaïde amekatazwa pombe. Aliugua saratani ya titi.

Miaka miwili iliyopita alikatwa titi la kushoto katika hospitali moja ng'ambo ya mpaka, kisha akatundikiwa dawa kali kwa miezi. Mume wake, Byamungu, aliuza shamba la bondeni ili kulipa. Mke alirudi hai, bila nywele, na tumbo limeharibika.

"Mudomo yote ilikuwa bidonda," anasema. "Nikikula, ninaharisha. Nikiacha, tumbo inafunga kama jiwe. Batu banasema, kunywa kasiksi, Mama, njo itafungua tumbo."

Alikunywa. Akaharisha zaidi, akakonda mpaka pete ikawa inamtoka kidoleni.

Aliyemtoa hapo ni Brigitte, muuguzi wa kituo cha afya cha karibu. Alimwambia aloweke maharage usiku kucha na kuyapika mpaka yapondeke, ale mboga ya lengalenga na papai, anywe maji yaliyochemshwa na uji wa mtama usiokobolewa. Atembee kila siku. Mkono wa kushoto aunyooshe taratibu, asiutwishe mzigo, maana huvimba. Na pombe aiache kabisa.

"Ule ugonjwa unapenda pombe, Mama," Brigitte alimwambia. "Kidogo ya kila siku njo inakuwa mingi. Na tumbo yako iko na kidonda. Nani anamwanga pombe kwa kidonda, halafu anasema anajitunza?"

Adelaïde alitii yote. Maharage alikuwa nayo, mtama alikuwa nao. Baada ya miezi kadhaa tumbo lilitulia, akaanza kupata haja bila maumivu, na uso ukajaa kidogo. Lililobaki ni lile la pombe.

Alijaribu. Siku moja ya soko alimimina akagawa bila kuonja. Noël, mbebaji wa mizigo ya madini ya koltani ambaye hunywa kwake kila akiteremka kutoka Rubaya, alishika kikombe asikipeleke mdomoni.

"Mama Gentille, onja basi," alimwambia, akimwita kwa jina la binti yake.

Adelaïde alieleza kwamba muganga wa kituo cha afya amemkataza. Wanaume wakaangaliana. Noël akaweka kikombe chini.

"Muganga anakukataza, halafu sisi njo tukunywe?"

Waliondoka mmoja mmoja. Kasiksi haidumu. Siku iliyofuata ilikuwa imechachuka, nguruwe wakainywa.

Kwa mpika pombe mwingine ingekuwa hasara ya siku moja. Kwa Adelaïde ilikuwa mbaya zaidi. Alipokonda na kunyonyoka nywele, majirani wengine walisema amelishwa karuho. Wengine walisema karuho ni yake, imemrudia. Saratani hawaijui, sumu wanaijua. Mwanamke wa namna hiyo akikataa kuonja chungu chake mwenyewe, hakuna wa kumtetea.

Byamungu akajitolea kuonja badala yake. Wanywaji wakamcheka, wakamuuliza kama ameoa mke au bwana, na tangu lini anapika kasiksi. Mpikaji ndiye huonja. Gentille naye alitaka kuonja. Mama yake akamfukuza jikoni.

Basi akarudi kuonja. Siku ya soko anaonja kila benchi linapobadilisha watu. Mchana ukifika kichwa ni kizito na tumbo limeanza kuunguruma. Usoni anacheka na wateja.

Faida ya kasiksi ndiyo inayonunua kidonge anachotakiwa kumeza kila siku kwa miaka mitano ili ugonjwa usirudi. Barabara ikifungwa kwa sababu ya mapigano, kidonge hakifiki, au kinafika kwa bei mara mbili. Kwa hiyo anakunywa pombe ili apate dawa, na pombe yenyewe inaulisha ugonjwa ambao dawa inaupiga vita. Anajua. Hahitaji kuelezwa.

"Brigitte ananiuliza kila mara, Mama, umeacha?" anasema. "Ninamuambia ukweli. Ye pia anajua bei ya kidonge."

Tangu msimu uliopita anafanya jambo jipya. Mtama aliokuwa anaukaanga na kuutia kwenye pombe, sasa nusu anausaga na kuupika uji, uleule wa tumbo lake. Anauza asubuhi kwa wachimbaji wanaopanda Rubaya na njaa. Wateja ni wachache. Wengine wanamtania kwamba uji ni wa wanawake waliojifungua, walio kwenye kitanda cha maternite.

Wanaonunua, nao wanamtaka aonje. Huo anaunywa mpaka chini ya kikombe, anafuta mdomo, na wanacheka kwa sababu wanangoja sana.

"Wachimbaji banaanza kuzoea, polepole," anasema, akiangalia vidumu viwili vya njano karibu na mlango, kimoja cha uji, kimoja cha kasiksi. "Siku uji itaweza kulipa kidonge, ile ingine nitaiosha, niteke nayo maji. Ninaomba tu ile siku ifike mbele ya ugonjwa kurudi."