Mazombi Watapitia Wapi?

Juzi nilikuwa kwenye duka la pembejeo hapa Lushoto, nasubiri mbegu za kabichi. Muuzaji, ambaye simu yake haiishi filamu za mazombi, alikuwa anamwonyesha rafiki yake mpango wa vita. Kidole chake kilichora barabara kwenye vumbi la kaunta.

"Wafu wakifufuka, tunaangusha mikaratusi kwenye kona za kule chini. Barabara ya Mombo ikiziba, huku juu hapandi mtu. Viazi tunavyo, maji tunayo."

Mama mmoja nyuma yangu akatua tenga lake.

"Mwanangu, bibi yako mlimzika Mombo?"

"Hapana, mama. Nyumbani, kwenye migomba."

"Na babu yako?"

"Pembeni yake." Kidole kikasimama.

"Sasa hiyo barabara unamzibia nani?"

Mimi niliondoka bila mbegu. Sisi watu wa milimani tunaamini kila balaa lazima lipande gari Mombo.

Jioni nilikwenda kung'oa magugu kwenye kaburi la baba, ambalo sikuwa nimeligusa tangu masika. Nikamwamkia shikamoo kwa sauti, halafu nikasimama pale, namwomba Mungu kaburi lisiitikie.