Nesi Pole na Majeruhi Mwenye Kelele

Wenzake wodini walimbandika jina la Nesi Pole, na lilimkaa. Mtu akipiga chafya tu, yeye tayari "pole sana jamani," na mkono begani. Huruma hiyo ndiyo iliyomwangusha kwenye zoezi la maafa la mwaka uliopita. Alimkumbatia majeruhi wa kuigiza wa kwanza aliyelia, akabaki hapo anabembeleza, huku wengine "wakifa" mmoja mmoja na kubana vicheko. Kikosi cha dharura kikamkataa, na hakuna kitu alichokitamani kama kikosi hicho.

Sasa alikuwa amerudi kujaribu tena. Basi bovu limelazwa ubavu kwenye maegesho ya hospitali, watu wa kujitolea wametapakaa chini na damu ya rangi, naye ameshika kadi zake: nyekundu kwa wa kuwahiwa, njano kwa anayeweza kusubiri, kijani kwa anayeweza kutembea. Alitaka kucheka, alitaka kukimbia, vyote kwa pamoja.

Filimbi ikalia. Papo hapo mtu akapiga ukelele: "Mwanangu! Nakufa mie! Mguu wangu!"

Lahaula, mama mkwe! Hakuna aliyemwambia kwamba mama kajiandikisha. Tena damu ya rangi waliyompaka wakufunzi aliiona haitoshi, akajiongezea rangi yake ya mdomo mpaka masikioni.

Miguu ya Nesi Pole ikagoma. Amruke mama wa mume wake, mbele ya kadamnasi? Neno "pole" lilimfika mdomoni, akalimeza. Anayelia hivi anapumua, tena anapumua kutushinda sote.

"Nitarudi, mama," akasema, akampita.

Akamwendea mwanamume aliyelala kimya nyuma ya gurudumu. Akamwinua kidevu kufungua njia ya hewa, akasikiliza pumzi, akamfunga kadi nyekundu.

"Yaani umeniacha?" Mama mkwe akainuka, akakung'uta gauni, akamfuata mbio na mguu wake uleule uliovunjika. "Na mimi nataka nyekundu!"

Nesi Pole akageuka, kicheko kinamtoka puani, akamvisha kadi shingoni. "Umetembea, mama. Kijani."

Hata waliozirai wakaangua kicheko. Mkufunzi akageukia ukutani, mabega yanamtikisika, na aliporudi alisema, "Karibu kikosini."

Nesi Pole aliruka kama mtoto. Lakini njia nzima ya kurudi nyumbani mama mkwe hakufungua mdomo, na furaha yake ikaanza kuingia ubaridi.

Mume akawapokea mlangoni. "Mama, hiyo kadi ya nini?"

"Mkeo kaniacha chini nalia," mama akasema. Kisha akamvuta mkwe wake kifuani, rangi ya mdomo ikawapaka wote wawili. "Siku nikianguka kweli, nikawa sina hata sauti ya kumwita, najua atakuja."